Alama ya Ami Abdulhadi

Msikiti wa kilimani Goba ulikuwa na watu wawili wa kusifiwa: Marijani muadhini kwa sauti yake, na mzee Abdulhadi kwa mguu wake. Sauti ilifika mpaka mabondeni. Mguu waliuona wale tu walioswali safu ya nyuma.

Mtu akikaa tahiyatu ya mwisho, kile kikao cha kumalizia swala, mguu wake wa kushoto hupita chini ya ule wa kulia ukalala ubavu, unyayo ukawatazama walio nyuma. Hapo ndipo watu walipoiona alama. Penye kifundo mzee alikuwa na sugu kavu ya kijivu, kama walivyo nayo wengi waliokula chumvi nyingi juu ya mswala. Chini yake, kwenye unyayo, alikuwa na doa jeusi tii, kama tone la wino lililodondoka likasambaa. Hakuna aliyetenganisha sugu na doa. Vyote viwili waliviita muhuri wa sijda, na baba akimleta mwanawe msikitini alimnong'oneza: mtazame babu yule, ibada imemwandika mpaka chini ya mguu.

Mwenyewe hakujisifu. Lakini hakuvaa soksi, hata masika.

Muhsin aliikuta sifa hiyo akakua ndani yake. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba, na Abdulhadi, kaka wa baba, akamchukua akamlea kwenye nyumba iliyo nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi, katikati ya nondo, mabomba na mifuko ya saruji kutoka kiwanda cha Wazo. Alimwita ami, kama wanavyoita jamaa wenye asili ya Uarabuni. Madrasa, wenzake walipotamba kwa magari ya baba zao, yeye alitamba kwa mguu wa ami yake. Hakuna aliyemshinda.

Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba, karani wa takwimu kwenye hospitali moja ya mjini, katika chumba cha kumbukumbu za saratani. Kazi yake ilikuwa kuchukua kadi ya mgonjwa na kuiingiza kwenye kompyuta: umri, jinsia, mahali anapotoka, ugonjwa ulipoanzia mwilini. Mwaka huo madaktari walitaka kujua kama saratani ya ngozi inaongezeka, na inapenda kukaa wapi. Wakamtwisha Muhsin kadi za miaka kumi.

Mkuu wa chumba alikuwa Felicitas, mama wa Kihaya mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyemwita kila kijana jina alilolichagua yeye.

"Sheikh," alimwambia siku ya kwanza, "kupanda, inapanda. Chora mstari utauona unapanda kama njia ya kwenu Goba. Lakini usikimbilie kushangilia wala kulia. Pengine ugonjwa umeongezeka. Pengine watu wameongezeka. Pengine ni sie tu tumejifunza kuandika."

Tatizo lilikuwa kwenye fomu. Ilikuwa na mchoro wa mtu, mbele na nyuma, ili daktari aweke nukta mahali penye uvimbe. Mtu huyo alikuwa amesimama wima, nyayo zake zimekanyaga mstari. Mgonjwa mwenye jeraha chini ya mguu hakuwa na pa kuwekewa nukta. Daktari mmoja aliiweka kwenye kifundo, mwingine kwenye goti, wengi wakaandika "mguu" wakaita mgonjwa anayefuata. Kazi ya Muhsin ikawa kuwafuata hao wa "mguu", mmoja baada ya mwingine, kwenye majibu ya maabara, kujua ni mguu wapi hasa.

Ilimchukua miezi miwili. Alianza kuona mambo. Watu wenye ualbino, jua liliwaandama lilikowafikia: uso, masikio, midomo, shingo, migongo ya mikono. Hilo alilitarajia. Lakini walikuwepo na wengine, watu weusi na maji ya kunde, wachache kuliko hao lakini hawakukosekana mwaka hata mmoja, na wao ugonjwa uliwaotea kwingine: kwenye kovu la zamani la moto lisilopona, chini ya ukucha wa dole gumba, kisiginoni, na zaidi ya kote, kwenye unyayo. Wengi walifika wamechelewa. Kwenye nafasi ya maelezo waliandikiwa maneno yaleyale: alidhani ni sugu, alidhani alichomwa na mwiba, alidhani ni rangi ya viatu.

Aliandika hayo miezi miwili mizima, na jioni akarudi Goba akaswali nyuma ya ami yake, asione kitu. Jambo ulilolizoea tangu utotoni hulioni. Unaiona heshima yake tu.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, alasiri, alifika amechelewa akapata nafasi safu ya pili, mgongoni kwa ami. Walipokaa tahiyatu ya mwisho, jua lilipenya dirishani likaangukia miguu ya safu ya kwanza kama kurunzi. Muhsin aliinamisha macho, kama inavyotakiwa. Mbele ya macho yake ulikuwapo unyayo wa ami.

Doa halikuwa duara. Upande mmoja ulikuwa mweusi, upande mwingine kahawia, na kingo zake zilikuwa zimemeguka-meguka kama karatasi iliyoliwa na mende. Katikati palikuwa pameinuka kijinundu kidogo, kinang'aa. Muhsin alikumbuka lilikuwa dogo, la kufunikwa na ncha ya kidole. Sasa ungehitaji sarafu, na sarafu isingetosha.

Alidhani ni sugu.

Maneno yalimjia kwa mwandiko wa kadi. Imamu alitoa salamu kulia, akatoa kushoto, safu zikalegea, na Muhsin akabaki amekaa kidole kimenyooka, hajui ameswali rakaa ngapi.

Hapo alifanya kosa. Angesubiri nyumbani. Angemvuta ami pembeni. Lakini hofu haina subira. Alimkuta nje penye viatu, katikati ya watu, Marijani yuko kando yake.

"Ami, hilo doa la mguuni linabidi lionwe na daktari. Leo nimeliangalia vizuri."

Mzee Abdulhadi alikuwa anatafuta kandambili kwa kidole cha mguu. Akasimama.

"Umeliangalia lini?"

"Kwenye tahiyatu."

"Kwenye tahiyatu." Mzee aliwageukia wenzake polepole. "Jamani, mnamsikia kijana wangu? Wenzake wanamtazama Mola wao, yeye anakagua miguu. Na yangu uliikuta na kasoro gani, bwana mkaguzi?"

Watu walicheka. Marijani akaongezea, "Kesho atapita na tochi!"

"Ami, mie natania? Inaweza kuwa kansa ya ngozi."

"Kansa ya ngozi ni ya Wazungu na maalbino, kwa sababu ya jua. Miaka sitini na nane jua linanipiga utosini. Kansa iruke kichwa, iruke pua, iruke mabega, ije ishukie chini ya mguu? Ilipanda bajaji?"

Kicheko kilifika barabarani. Lakini mzee mwenyewe hakuwa anacheka. Alimsogelea Muhsin, akasema kwa sauti ya watu wawili: "Miaka arobaini sijaiacha swala ya jamaa ila kwa homa. Sina shamba, sina mtoto wa kiume, nina alama hiyo. Leo unasimama mbele ya watu kuniambia ibada yangu ni maradhi?"

Akavaa kandambili, akaondoka.

Wiki nzima hakumwita kwenye chakula. Sahani ya Muhsin ililetwa chumbani na Ma Khairiya, mke wa ami, mwanamke mpole aliyezoea kuwa daraja kati ya watu wawili wasiopenda kuvuka. Siku ya tano aliweka sahani, asitoke.

"Umesema kweli msikitini?"

"Sijui kama ni kweli, Ma. Ndiyo maana nataka aende."

Alikaa pembeni ya kitanda. "Linatoa damu. Miezi minne sasa. Naikuta kwenye shuka, upande wake, kitone kama cha mbu. Nikimuuliza ananiambia ni kwa sababu anakaa sana tahiyatu, ngozi imechoka. Nikaona ni jambo la kheri. Nafua nanyamaza." Akamtazama. "Nimefua kheri au nimefua nini, mwanangu?"

Kesho yake kazini Muhsin alimweleza Felicitas yote, mpaka kicheko cha bajaji. Felicitas naye alicheka kidogo, akaona uso wa kijana, akaacha.

"Umeshindana naye kwa ugonjwa. Utashindwa. Yeye anaongelea Mungu, wewe unaongelea kansa, nani mkubwa?" Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge. "Mie nakuuliza swali letu la kila siku. Wapi hasa? Anasema imetokana na kukaa kwenye mkeka. Hilo doa linagusa mkeka?"

Muhsin alifumba macho akajaribu kumkalisha ami kichwani mwake. Aliuona mguu, aliuona mkeka, lakini kati yake palikuwa na kiza. Maisha yake yote ameswali, asijue ni nyama ipi ya mguu wake inayogusa chini.

"Sijui," alisema.

"Basi kapime. Usibishane na mtu juu ya kitu ambacho hata wewe hukijui."

Jumamosi baada ya saa sita mchana, mzee Abdulhadi alikuwa barazani anatawadha kwa birika, anajiandaa kwa adhuhuri. Baraza lilikuwa la saruji iliyopigwa niru ikawa laini, kavu, imepata moto wa jua. Muhsin alitoka chumbani akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, ami."

"Marhaba." Maji yalishuka mguu wa kulia, mara tatu.

"Ami, nilikukosea adabu siku ile mbele ya watu. Nisamehe."

Mzee hakuinua kichwa. Maji yalishuka mguu wa kushoto, mara tatu, vidole vyake vikipita kati ya vidole vya mguu. "Ulikosea," alisema. "Yameisha."

"Lakini nina jambo moja. Siyo la hospitali. Nimekujua maisha yangu yote, sijakuona umkubalie fundi anayekadiria kwa macho. Fundi akikwambia ukuta umenyooka, unamuuliza, umepima? Leo nakuomba tupime."

"Tupime nini?"

"Muhuri. Ukae tahiyatu hapa kwenye saruji, sasa hivi, miguu ikiwa na maji. Kisha uinuke tutazame ulipogusa. Kama doa ndipo unapokalia, mie nimenyamaza mpaka nife."

Ma Khairiya alikuwa ametokea mlangoni, kanga mdomoni. Mzee aliwatazama wote wawili, akajua ameshikwa kwa kamba yake mwenyewe. Mtu aliyeuzia nusu ya Goba saruji na kuwapimia kuta hawezi kukataa kipimo bila kujivunjia jina.

"Huu ni mchezo wa kitoto," alisema. Akakaa.

Alikaa kama alivyokaa miaka arobaini: mguu wa kulia umesimama kwa vidole, wa kushoto umepita chini, umelala. Akanyoosha kidole cha shahada, kwa mazoea. Midomo ikatikisika kidogo. Kisha akainuka kwa kushika nguzo, na wote watatu wakainama juu ya saruji.

Maji yalikuwa yameandika. Palikuwa na alama nene ya kifundo, mviringo kama chini ya kikombe. Palikuwa na mstari wa ubavu wa nje wa mguu, na kijitone cha kidole cha mwisho. Basi. Kwa ndani, mahali unyayo ulipokuwa umetazama nyuma, saruji ilikuwa kavu kama siku ilipomwagwa.

"Niinulie mguu, ami," Muhsin alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamshika ami yake mguu. Doa lilikuwa kwenye shimo la unyayo. Upana wa vidole vinne kutoka penye sugu.

"Pengine ninaposimama," mzee alisema.

"Simama."

Alijimwagia maji tena, akasimama, akaondoka juu ya alama zake. Kisigino kiliandika. Vidole viliandika. Shimo la unyayo halikuandika. Mguu wa mzee Abdulhadi ulikuwa na tao zuri, la kijana.

Jua lilikuwa kali. Alama zilianza kukauka pembeni huku wanazitazama. Sauti ya Marijani ilishuka kutoka kilimani. Mzee hakutikisika. Muhsin aliogopa kumtazama usoni, akatazama saruji, na ndipo alipoona kuwa amemnyang'anya kitu. Hakuwa ameliwaza hilo.

"Ami," alisema, "sugu yako hii hapa, penye kifundo. Hiyo ndiyo ya ibada. Hakuna anayeigusa. Hili lingine limekuja likakaa jirani yake, likajipatia jina."

"Miaka mingapi?" mzee aliuliza. Haikujulikana anamuuliza nani.

"Nililiona mwaka tuliomwozesha Huda," Ma Khairiya alisema. Huda ni binti yao. Alikuwa na watoto watatu, wa kwanza ni kijana mkubwa sasa. "Lilikuwa dogo, kama mbegu ya papai."

Mzee alivaa kandambili zake. Alipofika getini alisimama.

"Jumatatu unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Unigongee."

Daktari wa ngozi alikata kinyama kidogo wakasubiri siku kumi na mbili. Jibu lilikuwa lile ambalo Muhsin alikwisha kulisoma kwenye kadi za watu wengine. Siku hiyo alilisoma kwenye karatasi yenye jina la ukoo wake, na herufi zikakataa kutulia. Daktari alipapasa kinena cha mzee kushoto na kulia kutafuta tezi. Alipapasa kwa muda mrefu. Ma Khairiya alikuwa anahesabu tasbihi, na mkono wa daktari ulipotulia, nayo ikatulia.

"Tezi sizisikii," daktari alisema. "Hilo ni jambo jema, lakini siyo ahadi. Tunakata, pana na kina, tunaziba kwa ngozi ya paja. Maabara wakituambia kingo ni safi, tunakuona kila baada ya miezi mitatu. Wasipotuambia hivyo, tunarudi tena kukata."

"Ami, ungekuja miaka mitano nyuma—" Muhsin alianza.

"Alikuwa hajui," daktari alimkatiza. "Na wewe ulikuwa unaishi naye."

Mzee Abdulhadi hakuuliza kuhusu maumivu wala kutembea. Aliuliza: "Hiyo nyama mtakayoitoa, inakwenda wapi?"

Daktari alimtazama Muhsin, kana kwamba karani angejua. Muhsin hakujua. Kadi za miaka kumi zilipita mikononi mwake, kila moja na kipande chake cha mtu, asijiulize hata siku moja kipande kile kimelala wapi.

"Maabara wanakihifadhi kwenye dawa," daktari alisema, "kisha huteketezwa."

"Cha kwangu kisiteketezwe. Kiungo cha Muislamu kikitengana naye kinazikwa. Nitasaini popote."

Alisaini mara tatu, akaingia akakatwa.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko miaka kumi ya kadi. Mzee alilala barazani kwenye kochi, mguu juu ya mito, akiuza saruji kwa simu na kugombana na mafundi. Marijani alikuja kila baada ya magharibi. Siku ya kwanza alikaa akiwa amekunja miguu yake chini ya kanzu, mpaka mzee alipomwambia, "Hiyo tochi yako hukuja nayo?" Ndipo wakacheka wote, na Marijani akafuta macho.

Jibu lilitoka Alhamisi. Muhsin alilipokea mwenyewe maabara, pamoja na kikopo cha plastiki chenye mfuniko wa bluu. Kingo zilikuwa safi. Hakuwapigia simu. Alitaka kuliona neno hilo likiingia kwenye uso wa mtu.

Liliingia. Mzee Abdulhadi alilisikia, akafunga macho, akasema "Alhamdulillah" moja, fupi. Ma Khairiya aliingia ndani asionekane kwa muda. Kisha mzee akakinyooshea kidole kile kikopo.

Walikizika kile kipande nyuma ya nyumba, kabla ya magharibi, pembeni ya ukuta ambapo hapalimwi wala hapapitwi. Muhsin alikiosha kipande kile kwa maji mengi mpaka harufu ya dawa ikapungua, akakifunga kwenye kitambaa cheupe. Kilikuwa kidogo mno kwa hofu waliyokuwa nayo. Ami aliletwa kwa mikongojo, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki, mguu wenye bandeji ukitazama mbele.

Muhsin alichimba. Udongo wa Goba ni mgumu, una mawe. Jembe liligonga, likaruka.

"Tunaswali?" aliuliza akiwa shimoni mpaka magotini.

"Unamswalia nani? Mwenyewe niko hapa nakutazama." Mzee alijiweka sawa kitini. "Chimba."

"Imetosha, ami."

"Umepima?"

Muhsin alisimamisha jembe ndani ya shimo, akaweka kidole kwenye mpini usawa wa ardhi, akaliinua amwonyeshe. Mzee alikitazama kipimo kwa jicho moja, kama anavyotazama kazi ya fundi wa mkataba.

"Ongeza shubiri," alisema. "Mtaa huu una mbwa. Nami ule mguu bado nautaka uwe na heshima."

Muhsin aliinama, akaongeza shubiri.